Nani Alikuwa Kwenye Usukani?

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimefaulu! NIMEFAULU! Naandika nimesimama jikoni, chai imechemka ikamwagika jikoni kote na wala sijali. Nina leseni! Mimi, Mama Pacha, mtu mzima wa miaka arobaini na tano, niliyekuwa naogopa hata baiskeli!

Mtihani wenyewe ulikuwa kwenye makutano ya hospitali, pale pale walipofunga kamera za taa. Askari wa trafiki kaketi pembeni yangu, uso mkavu. Nakaribia taa — njano! Mguu ukatamani mafuta. Lakini namsikia Mwalimu wangu wa udereva kichwani, yule dada mwembamba asiyeisha kutafuna bablishi: tairi zikiwa bado hazijafika kwenye mstari, simama, zikiwa zimeshavuka kabla ya nyekundu, nenda zako, kamera haikuhusu. Hazikuwa zimefika. Nikasimama, taratibu kabisa, hata kofia ya askari haikutikisika. Akaandika kitu. Mwishoni akasema nikiendelea hivi hivi nitafika mbali. Nilitaka kumkumbatia! Nikajizuia, askari ni askari.

Baba Pacha kafurahi kwa namna yake. Kasema, haya, sasa nyumba ina madereva wawili na gari moja. Kisha akachukua funguo za teksi akazitia mfukoni. Nimemwona!

Jumatano, tarehe 5 Machi

Siamini. Ile chekechea ya mtaa wa nyuma inatafuta dereva wa basi lao dogo, na Mkuu wa shule anataka mama. Madereva wawili waliotangulia walikuwa wanawafokea watoto mpaka wanajikojolea. Nimeenda leo. Nimevaa lile gauni la harusi ya wifi, linabana kidogo, lakini limeingia.

Mkuu wa shule kaniuliza mambo machache, kisha akasema jambo moja kwa mkazo: leseni safi. Wazazi wanauliza. Na sheria nayo haina huruma kwa sisi wapya — katika mwaka wa kwanza, ukipita nyekundu moja tu, leseni inafutwa, unarudi kwa Mwalimu kuanza na kibao cha L mgongoni. Nikamwambia, Mama, mimi nikiona nyekundu nasimama hata nikiwa kwa miguu. Akacheka. Naanza Jumatatu ya tarehe ishirini na nne!

Mshahara wangu mwenyewe. Jina langu kwenye kitambulisho, sio jina la watoto. Nimerudi nyumbani natembea kama nimekanyaga makaa.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Leo Baba Pacha kaniachia usukani! Mpaka sokoni na kurudi, yeye kakaa kushoto kwangu anashika dashibodi kwa mikono miwili. Mtu mwenyewe kijiweni kwa madereva wa teksi wanamwita Chapuchapu, lakini nikiendesha mimi anasali.

Tumegombana kwenye taa, kama kawaida. Kwake njano maana yake ongeza mwendo. Kwangu njano maana yake ujiandae kusimama. Kanipigia kelele: pita, pita, watu wanakupigia honi! Nikamwambia wapige mpaka betri iishe.

Ana picha mbili za kamera tayari mwaka huu, zote za kupita nyekundu. Ya tatu ikija, leseni inafungwa miezi sita. Nimemkumbusha. Kajichekea, akanitolea siri ya kijiweni: ukiliona lori, jibane nyuma yake, karibu kabisa, mvuke pamoja. Lori linakuficha, kamera haikuoni. Wenzake wote wanafanya hivyo, kasema, na yeye kafanya jana, pale pale hospitali, hakuna kilichotokea.

Nikamuuliza, sasa ukijibana nyuma ya lori, taa unaionaje? Kafungulia redio kwa sauti mpaka nyumbani.

Jumanne, tarehe 18 Machi

Mungu wangu!

Ujumbe wa trafiki umeingia kwenye simu ya Baba Pacha tukiwa tunakula. Kausoma, kaweka kijiko chini, kanisukumia simu. Picha. Teksi yetu, nyuma yake, namba za gari zinasomeka kama zimeandikwa jana. Mbele yake lori kubwa. Juu ya lori, taa nyekundu inawaka kama ya mapambo!

Kamera inapiga kwa nyuma. Kwa NYUMA! Lori liko mbele! Kijiwe kizima, wanaume wazima wenye leseni za miaka na miaka, hakuna hata mmoja aliyewahi kugeuza shingo kuangalia mlingoti ule unaelekea wapi. Nimecheka mpaka machozi, nikaacha ghafla nilipomwona uso. Haikuwa ya kucheka. Hii ndiyo ya tatu. Teksi ndiyo inayotulisha, ndiyo inayowasomesha pacha.

Kajifungia chumbani. Nimempelekea chai, hajainywa.

Jumatano, tarehe 19 Machi

Wifi amekuja mapema, dada mkubwa wa Baba Pacha, na mkoba wake wa safari ya mashauri. Nilijua kuna jambo. Amenisifu chai, amenisifu mapazia. Wifi hajawahi kunisifu mapazia tangu niolewe.

Basi, jambo lenyewe likatoka. Ule ujumbe una maswali. Bonyeza moja kama mwenye gari ndiye aliyekuwa anaendesha. Bonyeza mbili kama ni mtu mwingine, weka namba ya leseni yake, kisha afike mwenyewe dirishani, ofisi ya trafiki, aonyeshe leseni. Mwisho Ijumaa saa kumi jioni. Na picha haina uso, anasema wifi. Mgongo wa gari tu. Anaweza kuwa yeyote. Na mke ni wa kumsitiri mumewe, si ndiyo?

Nilimtolea macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

Nikamgeukia Baba Pacha. Anachunguza kucha zake. Nikamwambia, leseni yangu itafutwa, unajua? Kazi ya shule itaota mbawa kabla sijaigusa. Akasema kwa sauti ya chini, wewe utafanya mtihani tena, ulishauzoea. Mimi nikikaa nyumbani miezi sita nitakufa.

Ulishauzoea! Nimeshona mashuka ya watu mwaka mzima kulipia masomo yale. Nimezima gari katikati ya mzunguko, watu wakanitukana mpaka mama yangu. Nimejifunza klachi kwa kukanyaga kandambili chini ya meza. Nimekasirika, nimekasirika, nimekasirika. Hata kalamu imetoboa karatasi.

Lakini pia alivyosema atakufa — hakuwa anatia chumvi. Namjua. Likizo ya wiki moja tu, anaosha gari mara mbili kwa siku.

Alhamisi, tarehe 20 Machi

NIMEPATA! Nilikuwa nafua, nikaacha soksi kwenye povu nikakimbilia ndani.

Wanafunga leseni yake. Hawafungi gari! Gari halina kosa lolote! Nikampigia Mwalimu kuhakikisha. Kasema ndivyo ilivyo, anayeadhibiwa ni dereva, gari likipata mtu mwenye leseni safi linatembea kama kawaida. Asubuhi nawapeleka watoto wa chekechea, mchana nawarudisha. Katikati na jioni — mimi ndiye teksi! Miezi sita! Tunakula, pacha wanasoma, na yeye leseni yake inarudi!

Nimemngoja Baba Pacha mpaka kaingia. Nimemweleza yote kwa pumzi moja. Akaniangalia kana kwamba nimesema nitaendesha ndege. Wewe? Kwenye teksi yangu? Kijiweni? Wateja wangu watasemaje?

Watasema wamefika salama, nikamjibu.

Pacha wakaangua kicheko kule nyuma ya mlango, kumbe walikuwa wanasikiliza. Hapo ndipo nilipoharibu. Akavimba. Kasema hatakuwa mwanamume wa kupelekwapelekwa na mkewe. Kasema kesho twende wote kwenye ofisi ya trafiki, nichukue leseni yangu nikaionyeshe dirishani, yaishe.

Nikarudi kwenye soksi zangu. Nilipitia hesabu ya mambo yote, ratiba, mafuta, mahali pa kuegesha kijiweni. Inawezekana. Inawezekana kabisa! Na naitaka kazi hiyo! Mbona hakuna aliyeniuliza kama naitaka?

Ijumaa, tarehe 21 Machi

Naandika ndani ya gari, nyuma ya karatasi ya maelezo ya bima, daftari nimelisahau mezani. Tuko kwenye maegesho ya ofisi ya trafiki.

Nimeendesha mimi. Baba Pacha kasema hajalala usiku kucha. Tukafika makutano ya hospitali. Taa njano. Namwona kwa pembeni, mguu wake wa kulia unakanyaga zulia — anakanyaga mafuta yasiyokuwepo! Nikasimama kwenye mstari. Pikipiki nyuma yetu ikafyatua honi. Mbele yetu akapita mama na kigari cha mtoto, polepole, gurudumu moja bovu linayumba. Baba Pacha akamtazama mpaka akafika ng'ambo. Akasema, ee. Hilo tu. Sijui alimaanisha nini.

Tumefika. Kanikabidhi simu yake, ujumbe uko wazi. Moja au mbili. Kasema jaza namba yako, mimi naingia kuona kama foleni ni ndefu. Hakuniangalia. Kabla ya kuondoka akarudi, akauliza kama nina kiu. Mume wangu, huyo! Mwizi wa leseni mwenye huruma!

Ni saa tisa na ushee. Kidole changu kiko hapa juu. Nikibonyeza mbili, ni uongo, na Jumatatu watoto wale watapelekwa na mfokaji mwingine. Nikibonyeza moja, ni kweli, na sijui tutarudi nyumbani tukiwa watu gani. Nampenda. Ndiyo, nampenda, mjinga yule. Lakini leseni hii nimeitolea jasho na siitoi. Hapo, nimeiandika. Siitoi!

Katoka. Namwona mlangoni, soda mbili mkononi, anatafuta gari. Kanionyesha kwa mbali kwa kidevu: tayari?

Anakuja. Miguu yake imezoea, inakuja upande wa kulia, upande wa usukani. Hata hafikirii. Nimebonyeza kufuli — milango yote minne, ka!

Kajaribu kitasa. Kajaribu tena. Kaniinamia kwenye kioo, anasema kitu, simsikii. Simu iko pajani, bado haijabonyezwa. Namwonyesha kwa kidole: zunguka, kaa upande wa abiria.

Hajazunguka. Wala hajaondoka. Kasimama na soda zake mbili, ananitazama, na mimi nimeshika usukani.