Miguu ya Wembe

Jumatatu, 22 Aprili 1968
Mvua. Mume wangu Pandu alizikwa mwezi uliopita na mimi nimo edani, sitoki. Wanawake wananiambia nilie nipumue. Sisikii kitu. Nimekula kwa sababu sahani ililetwa.
Wembe, mbwa wake wa kuwindia nguruwe, bado kafungwa uani. Anajilamba miguu kutwa.

Alhamisi, 25 Aprili
Nimemtazama. Baina ya vidole ngozi imebanduka, nyekundu, inatoa maji na harufu. Nimempaka mafuta ya nazi na manjano kwa kijiti cha fagio, nisimguse. Naye akakanyaga mkeka na miguu ile majimaji! Mama mkwe, Bi Mwanakheir, akapiga kelele: najisi! Tukaosha mara saba, moja kwa udongo. Mkeka, sakafu, ua mzima. Ndiyo kazi yetu ya kila siku sasa. Uani hapakauki.

Jumapili, 28 Aprili
Kaja Makungu, mdogo wake Pandu, naye msasi wa nguruwe kama yeye. Mama kamtaka amwondoe mnyama huyu. Makungu kasema mbwa wa miguu mibovu hafai porini. Akipona atamchukua Chwaka kwa wasasi wenziwe. Mama akasonya. Mimi nikasema haya. Siku hizi nasema haya tu.

Ijumaa, 3 Mei
Ukucha mmoja wa Wembe umetoka. Nikaosha ua.

Jumatano, 8 Mei
Jirani yetu Bi Kazija alijiwa na daktari wa ng'ombe, akampitisha kwetu. Nilikaa nyuma ya pazia. Kainua mguu wa Wembe, kauliza: "Hapa mnamwaga maji mara ngapi?"
Mama kajibu kwa fahari: "Kila asubuhi. Na kila akikanyaga."
"Basi bibi, ndiyo yanayomuozesha. Mfungeni pakavu. Mbwa mkavu hamnajisi mtu mkavu."
Kaacha dawa ya zambarau.
Sisi! Kwa usafi wetu! Nimeona aibu — kitu cha kwanza kukisikia tangu mazishi.

Alhamisi, 16 Mei
Nimemhamishia kibanda cha kuni. Namfuta vidole kwa kikoi cha Pandu, kisha nampaka dawa. Mikono naiosha baadaye, saba zangu, bila haraka. Leo kaweka mguu juu ya goti langu, mwenyewe. Ngozi imefunga. Sikuuondoa. Akiondoka huyu, hapa hapatakuwa na kitu cha Pandu kinachopumua.

Jumapili, 19 Mei
Makungu kamtembeza mpaka migombani na kurudi. Hakuchechemea hata kidogo.
"Shemegi, umemponya! Jumapili ijayo namfuata."
Nikasema haya. Nilikuwa sitaki kusema haya.

Jumatatu, 20 Mei
Mvua imekatika. Uani pakavu, kibandani pakavu. Nimechota ndoo ya maji kisima cha uani, nimeileta mpaka mlangoni mwa kibanda. Imejaa. Siku chache za maji na ngozi itafunguka tena, najua, nimeshaiona. Makungu atasema hafai, atamwacha.
Wembe kasogea. Kaniinulia mguu, anadhani nataka kumfuta. Kikoi nimekiacha chumbani.
Mama kaniita kutoka jikoni. Nikaitika: naam, mama.
"Waosha nini, mwanangu, na ua safi?"
Ndoo bado nimeishika. Mguu ungali juu —