Safu ya Saa ya Kufika

Alhamisi, mvua. Si ile mvua ya kupiga bati ikaisha, ni hii ya kwetu Songea ya kunyunyiza kutwa nzima, unatoka bila mwavuli ukijiona mjanja, unafika umelowa.

Nimekaa intaneti kafe karibu na soko. Jamaa wa kompyuta ya pembeni anajifanya kusoma habari za mpira, lakini macho yake yako kwangu. Nimegeuza skrini kidogo. Ndivyo nilivyo, nashuku kila kitu, na wiki hii nimeshuku mpaka nimechoka.

Kwa mnaopita hapa mara ya kwanza, mimi ni sekretari wa shule ya sekondari ya mtu binafsi. Jengo letu lilikuwa ghala la ushirika. Ushirika ulipokufa likauzwa, aliyelinunua akaweka madawati. Siku za jua kali bado linanuka tumbaku.

Zamani mahudhurio ya walimu na sisi wa ofisini yalikuwa rahisi. Kitabu kinakaa mezani kwangu, kila anayefika anaandika jina, saa na sahihi. Ikigonga saa moja na nusu, Mkuu wa shule anapiga mstari mwekundu kwa rula. Ukisaini chini ya mstari umechelewa, hakuna mjadala. Mwaka huu mwenye shule akatuletea kompyuta, Mkuu akaiweka rula kabatini. Alisema mstari sasa utapigwa na mashine. Kazi yangu ikawa kunakili kitabu kwenye kompyuta: tarehe, jina, saa ya kufika.

Halafu likaja agizo. Wanafunzi wamepungua, shule za binafsi zimeota kila kona, kwa hiyo wawili kati yetu tunaosaini kitabu hawataendelea muhula ujao. Mwenye shule anakuja kesho Ijumaa, na anataka kuona wachelewaji kwa rangi. Wenye wekundu mwingi ndio watakaofungasha.

Jumatatu mchana nikakaa kuifanya. Kwenye kompyuta imeandikwa Conditional Formatting. Mwalimu aliyetufundisha wiki mbili pale mjini aliiita rangi yenye masharti, nami nimebaki na jina hilo. Huchagui chumba kimoja kimoja cha jedwali. Unabonyeza herufi iliyo juu ya safu, safu nzima inashikwa mpaka huko chini kusikoonekana mwisho, kisha unatoa sharti lako: chochote kinachozidi 7:30, kipake nyekundu. Nikabonyeza huku nimekunja uso, maana sikuamini kwamba mashine inajua kusoma saa.

Ikapaka. Cha kwanza kuwa chekundu kilikuwa kichwa cha safu chenyewe, yale maneno "Saa ya kufika". Sasa maneno nayo yamechelewa wapi? Nikasema moyoni, hapa kuna mkono wa mtu.

Nikateremka chini. Mwalimu Haule wa Kiswahili, anayekaa Ruhuwiko, ambaye kidato cha pili wameshazoea kuanza kipindi bila yeye, hakuwa na wekundu hata mahali pamoja. Muhula mzima mweupe, kama amefuliwa. Na Madam Mapunda wa Baiolojia, anayetembea kwa miguu kutoka Matogoro na kufika kengele haijalia, alikuwa mwekundu kila siku.

Kila siku.

Nikasogeza uso kwenye skrini. Najua Madam huandika 7.10. Pale palisomeka 7.1. Siku aliyoandika 7.20 palisomeka 7.2. Nani kachukua sifuri?

Hapo nikamkumbuka Haule. Ijumaa iliyopita alileta mtihani wake nimchapie, na mkononi ana ndizi. Haule na kuniletea ndizi wapi na wapi? Nikatoka mara moja kumpelekea Mkuu chai, niliporudi Haule kakaa kwenye kiti changu, anasema anapumzisha mguu. Ndizi zenyewe tulishazila nyumbani, nikajilaumu.

Kabla sijafanya lolote, Mkuu alikuwa amesimama nyuma yangu. Kauona wekundu wote ule.

"Kumbe Madam Mapunda," akasema taratibu. "Na upole wake wote."

Akaandika jina kwenye kidaftari chake akatoka.

Ningeweza kumwambia, Mkuu, huyu mama hufika kabla ya watu wote. Nikajiambia kwamba nitamkamata Haule kwanza, niwe na ushahidi mkononi, ndipo niseme. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Jumanne nikabadilisha neno la siri la kompyuta, na nilipofunga ofisi nikalaza kipande cha uzi juu ya kibodi, nione kama kuna atakayekigusa. Jumatano asubuhi uzi uko pale pale. Nikaushuku hata uzi.

Siku hiyo hiyo ya Jumatano Mkuu alitaka Madam Mapunda aandikiwe barua ya kutakiwa kujieleza. Niliichapa mimi, ndiyo kazi yangu. Madam ni mjane, ana watoto wawili na mama mkwe kule Matogoro, na wote wanaangalia kazi hiyo hiyo moja. Alikuja akaniamkia, "Shikamoo dada," akaipokea, akaisoma akiwa amesimama. Aliniomba karatasi moja ya kuandikia, nikampa. Hakuniuliza swali lolote, hakulia, hakulalamika. Nami badala ya kumwonea huruma, nikaanza kuushuku ukimya wake.

Leo asubuhi nikaona basi, nimkabili Haule. Nilianza kwa kuzunguka, nikamuuliza kama anajua mambo ya kompyuta. Akasema hata pa kuiwashia hapajui. Nikafungua kitabu mbele yake, nikawa namtazama usoni. Hakutetereka. Akaweka kidole kwenye jina lake mwenyewe, na mbele ya jina kulikuwa na 1:50.

"Mimi nafundisha Kiswahili, sekretari, na saa yangu ni ya Kiswahili," akasema. "Saa moja na dakika hamsini. Kuchelewa nachelewa, na nimeandika."

Nikakivuta kitabu kwangu.

Saa moja na dakika hamsini ya Haule ni saa ambayo gwaride limekwisha na watoto wako darasani. Lakini kompyuta inahesabu kuanzia usiku wa manane. Kwake 1:50 ni usiku, Songea nzima imelala, na Haule kashafika kazini. Mimi nilinakili kama ilivyo, sikufikiri. Nikarudi mbio kwenye ya Madam Mapunda. Yeye huandika saa kwa nukta moja. Nikafuta moja, nikaiandika kwa nukta mbili, moja juu na moja chini, 7:10. Wekundu ukaondoka pale pale. Kumbe kwa nukta moja mashine haioni saa, inaona namba tu, namba kubwa kuliko saa yoyote, na sifuri ya mwisho inaitupa kwa kuwa haina kazi. Kile kichwa cha safu nacho ni hivyo hivyo, maneno mashine iliyapima kama namba, ikayaona makubwa, ikayapaka.

Hakuna aliyegusa kompyuta yangu. Vidole vilivyoharibu ni hivi hivi vinavyoandika hapa. Haule wa watu nimemchukia siku nne kwa ndizi zake mwenyewe.

Sasa niseme lile nililoliruka kule juu.

Mwezi uliopita mama yangu alilazwa. Kila asubuhi nilimpelekea uji hospitalini kabla ya kuja kazini, na siku sita uji ulinichelewesha. Nilifika saa mbili kasorobo, siku nyingine zaidi. Mkuu asubuhi huwa kiwanjani na gwaride, walimu wengine husaini gwaride likiisha, hakuna anayejua mlango wa ofisi umefunguliwa saa ngapi. Kitabu kimo kabatini, ufunguo umo kwenye pochi yangu.

Anayejua ni mmoja. Siku zote sita nilimkuta Madam Mapunda amekaa kwenye ngazi ya ofisi, khanga kichwani, mvua inamnyunyizia miguu, anasubiri kusaini. Nilifungua mlango, nikatoa kitabu, nikaandika jina langu la kwanza kabisa na mbele yake 7:00. Kisha nikampa kalamu. Aliona. Aliandika yake chini ya yangu, akanipa pole ya mama, akaenda darasani.

Ndiyo maana Jumatatu nilinyamaza. Ningesema huyu hufika kabla ya wote, Mkuu angeniuliza, wewe unajuaje, kwani wewe unafika saa ngapi? Haule alinifaa sana kumshuku. Nilipokuwa namtazama yeye sikuwa na haja ya kujitazama.

Saa sita Madam alileta barua yake. Haikufungwa, maana barua za ofisi zinapitia kwangu. Mistari mitatu, kwa mwandiko wake ule wa ubaoni:

"Mimi hufika kabla ya kengele kila siku. Sina shahidi. Naomba mniamini."

Nilisoma hapo kwenye "sina shahidi" mara tatu. Shahidi alikuwa ameishika karatasi yenyewe. Angeweza kuandika kwamba ofisi hufunguliwa kwa kuchelewa, na kwamba sekretari anajiandikia saa anazotaka. Mstari mmoja tu wa hivyo, jina langu lingekaa mahali pa lake. Alikuwa na siku nzima ya kuuandika. Hakuuandika.

Nililia, sifichi. Nililia na mlango umefungwa, nikashuku kwamba mhudumu wa ofisi ananisikia.

Halafu nikakaa kwenye kompyuta. Za Madam Mapunda zote nikazitia nukta mbili, akabaki mweupe kutoka Januari. Za Haule nikaziongezea saa sita sita, akawa mwekundu juu mpaka chini, na hilo liliniuma kuliko nilivyotegemea, kwa sababu yeye kuchelewa kwake aliandika kwa mkono wake mwenyewe.

Kisha nikatafuta jina langu. 7:00, 7:00, 7:00, muhula mzima. Nikazipata zile siku sita. Nikafuta ya kwanza, nikaandika 7:45. Sikuhitaji kuchagua rangi, sharti lilikuwa limeshawekwa kwenye safu nzima. Nilipobonyeza tu, ikawa nyekundu. Ya pili, 7:50. Ya tatu. Nilipofika ya tano nikajiambia tano zinatosha, ya sita nani ataijua? Nikaiandika na ya sita, nikahifadhi.

Nilimwita Mkuu aje aone kwenye skrini. Nilimweleza saa za Kiswahili, nikamweleza nukta. Alielewa upesi, na aliposoma mistari mitatu ya Madam akavua miwani. Alisema atazungumza naye mwenyewe. Kisha kidole chake kikashuka kwenye safu, kikasimama kwenye jina langu.

"Na hizi sita?"

"Ni zangu, Mkuu. Hakuna aliyeniambia, nimeziweka mwenyewe."

Hakusema vizuri, hakusema vibaya. Alisema tu kwamba kesho faili litaonyeshwa kama lilivyo, nisiguse kitu tena. Ukimya wake nimeushuku njia nzima mpaka hapa. Inawezekana kesho wa kufungasha ni Haule na mimi. Sijui. Nusu saa yangu ya intaneti inakwisha, na huyu jamaa wa mpira naona sasa anasoma waziwazi.

Madam Mapunda sijamwambia kitu. Nilimwona saa tisa anashuka kuelekea Matogoro, viatu mkononi kwa ajili ya matope, nikashindwa kumwita. Ningeanzia wapi?

Mama ameshatoka hospitali, uji anakorogewa nyumbani na mdogo wangu. Kesho sina sababu. Nitaondoka kukiwa bado giza, nifungue ofisi, nikiweke kitabu wazi mezani na kalamu juu yake, halafu nikakae mimi pale kwenye ngazi, nimsubiri yeye.