Mvuvi Aliyeitwa Mkaidi

Mjukuu wangu Anastazia,

Marahaba. Huku Maguu hatujambo, kahawa tumeanika, na babu yako bado anagombana na goti lake.

Lakini umenichosha. Barua nzima unamlalamikia mama mmoja mgonjwa wa akili anayekatisha kliniki, halafu mwishoni unaniuliza mada ya utafiti wako wa chuo utaipata wapi.

Nilipoanza kazi ya ustawi wa jamii hospitalini, kulikuwa na mvuvi wa Lituhi aliyerudishwa wodi ya wagonjwa wa akili kila mara. Walimwita mkaidi, kwa kuwa hamezi dawa zake za usiku. Nilichoka kulisikia neno hilo, nikamuuliza usiku huwa yuko wapi.

"Ziwani, dada, navua usipa. Dawa hizo zinaleta usingizi. Nikisinzia mtumbwini, nani atanitoa majini?"

Nikawauliza wavuvi wengine waliokuja kliniki, jibu likawa lile lile. Daktari akahamishia dawa zao asubuhi, wakishatoka ziwani, nami nikafuatilia nani anarudi wodini; huo ukawa utafiti wangu wa kwanza. Mkaidi wetu alirudi mara moja tu, kuniletea usipa.

Sasa yule mama unayemlalamikia, umeshamuuliza kwa nini haji?

Bibi yako