Siku Pikipiki ya Babu Yako Ilipokosa Pumzi

Keza mjukuu wangu,

Huku Masaka tu wazima, na mbuzi wako amezaa mapacha. Unauliza nilimpendea nini babu yako, na hasira zile. Sikiliza. Mwaka tisini na moja tulikuwa tunapeleka pombe ya ndizi harusini kwa dada yangu, kule Ndera. Njiani pikipiki kuukuu ya babu yako ikazimika. Akasafisha plagi, akapiga kiki, akatukana.

"Sha, mpenzi, petroli umetia?" nikamuuliza.

"Fungua tangi uone mwenyewe!"

Nikafungua, hewa ikaingia fyuu! Akapiga kiki, ikawaka. Kumbe aliziba tundu la hewa la mfuniko kwa nailoni, mvua isiingie, na petroli ikagoma kushuka. Hata dumu la pombe halimimini likikosa hewa!

Tulipofika harusini, wageni, koo kavu, wakamsifu ufundi. Akasema, "Msifuni mke wangu. Mimi nilikuwa natukana tu."

Huyo mchumba wako je, anasemaje mbele ya watu?

Bibi yako, kwa mkono wa jirani