Idi ya Maskati

Jumatatu, 20 Agosti 1979
Taa zote kijani. Nimekaa kwenye meza yangu, ofisi ya simu Bagamoyo. Nabonyeza kitufe hapa, dishi la setilaiti linageuka kidogo kule Zinga. Amri inapita kwenye waya. Simu zote za ng'ambo hupitia hapo. Dishi lenyewe nimeliona mara moja tu.

Barua ya Zuhura imefika. Mdogo wangu. Atatoka kijijini kwake hadi Maskati anipigie simu siku ya Idi, baada ya sala. Sijasikia sauti yake tangu tulipotawanyika Unguja, miaka kumi na mitano. Anaumwa. Safari nyingine, anasema, hataiweza.

Jumatano, 22 Agosti
Mwezi haukuonekana. Tunakamilisha thelathini. Kesho mafundi watabadilisha kifaa kwenye dishi. Kazi hiyo nimeipanga kesho makusudi, siku ya Idi njia iwe safi.

Alhamisi, 23 Agosti
Saa mbili asubuhi nilizima mitambo ya Zinga. Saa tatu redio ikasema Arabuni mwezi umeonekana, leo wanasali Idi.

Zuhura yuko Maskati, nami nimemfungia njia kwa mkono wangu. Mzee mzima, sikukumbuka kuwa Idi yake huenda isiwe yangu.

Nilimpigia fundi Salehe kituoni, nikamwambia washuke niwashe. Akacheka. "Mzee wangu, umeuona mwezi mchana?"

Nikamweleza. Akasema kifaa cha zamani kimeshatoka, kipya hakijakaa, na vijana wake wawili wako juu ya dishi.

Nikiwasha, nitawaunguza. Niliweka mikono magotini hadi saa tisa. Njaa ya swaumu sikuisikia.

Nilipowasha, mwenzangu wa Dar akasema Maskati wamemwarifu kuwa waliita mara tatu, kisha mpigaji akaondoka.

Nimelia chooni.

Ijumaa, 24 Agosti
Idi. Baada ya sala nilikuja ofisini na kanzu yangu, bila sababu. Saa nne simu ikalia.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Zuhura."

"Nilijua mwezi wenu huchelewa," akasema. "Nikalala mjini."

Aliuliza kama bado natia iliki nyingi kwenye chai. Bado. Sauti ilipofifia, niligeuza dishi kidogo kwa mkono wa kushoto. Akarudi.

Maneno yalipokwisha, hakuna aliyekata. Nilisikiliza anavyopumua, kidole juu ya kitufe.