Kichwa cha Sato Daraja la Kwanza

Jumatano, Igogo

Nimechoka, hata viatu sijavua. Kumbe kumkatia baba mkwe tiketi ya daraja la kwanza ndiyo kumkosea.

Jana melini tukitoka Bukoba alifurahia kiti laini na mhudumu mpole. Kisha akaletewa sato asiye na kichwa. Kwao kichwa ni cha mkubwa wa nyumba.

“Kichwa kapewa nani?”

Mhudumu akasema vichwa ni vya supu ya daraja la tatu, chini.

Mzee akashuka. Nilimkuta amebanana na wauza ndizi, anafyonza kichwa kizima.

“Huku wanajua kupokea mgeni, mwanangu.”

Nikarudi juu peke yangu, nikamaliza sahani yake. Samaki alikuwa mtamu, na hicho ndicho kinachoniudhi.