Tano, Nne, Tano: Alama za Kadi Zangu

Garissa, Jumatano, Februari 1999

Joto la leo halina huruma, na mimi pia sina.

Juzi mzee Farah, jirani wa binamu yangu Idil huko Marekani, aliniletea bahasha. Ndani mna kadi zangu tatu za wachezaji wa mpira wa kikapu, nilizomtumia Idil akazipimishe ubora, kila moja imefungiwa ndani ya kasha gumu la plastiki lenye alama ya wapimaji wa huko. Kumi ni kadi isiyo na dosari. Zangu zimepata tano, nne, na tano tena.

Nililia. Nakiri hapa tu.

Kosa ni langu. Tangu Idil aanze kunitumia kadi, nimezihifadhi kwenye sanduku la nguo, katikati ya mashashi na madiraa, nikidhani nazikinga na mende. Na sanduku hilo Hooyo, mama yangu, hulifukiza uunsi kila Alhamisi, kama mama yeyote wa hapa anayejiheshimu. Moshi unaonukisha nguo ukaingia kwenye kadi. Kingo zimekuwa rangi ya chai. Mimi niliyepata A ya kemia sikuwaza hilo hata siku moja.

Asubuhi nilikwenda posta kumpigia Idil. Alicheka mpaka nikatamani kukata simu.

"Abaayo," akaniita kidada, "kadi umezifukiza kama bi harusi?"

Kisha akaja na mipango. Nivunje makasha, nizipanguse kadi kwa kitambaa chenye maji, azipeleke kwa wapimaji wengine wasiozijua. Nikamwambia huo ni udanganyifu. Basi, akasema, nimpe mzee Farah kadi zangu zote, hizo tatu na nyingine thelathini, azichukue leo kabla ya safari yake ya kurudi. Idil atanitunzia. Huko kwenu zitaharibika tu, alisema.

Huko kwenu. Maneno hayo nimeyarudia kutwa nzima. Yeye alizaliwa mtaa huu huu.

Hooyo yuko upande wake. Anasema mwalimu mzima hafichi picha za wanaume warefu kati ya nguo zake. "Hooyo, ziache ziende," aliniambia kwa upole, akiniita kwa jina lake mwenyewe kama mama zetu wanavyowaita watoto wao, na upole huo ndio uliokaribia kunishinda.

Nilizipanga mkekani, nikaanza kuzifunga.

Nilipofika kwenye ile iliyopata nne, niliacha kufunga. Mchezaji amekunja magoti, mpira uko mkono wa kushoto, macho hayautazami. Shuleni hatukuwa na kocha. Kudunda kwa kushoto nilijifunza kwa kadi hiyo, nikiitazama, nikienda uwanjani kwenye mchanga, nikirudi kuitazama tena. Wapimaji waliangalia kingo tu.

Nikachukua mchi wa viungo.

Plastiki ile ni ngumu kweli. Hooyo aliuliza kutoka uani ninavunja nini. Nikamjibu, "Alama, Hooyo." Akasema nisiurudishe mchi bila kuuosha.

Baada ya swala ya Asr mzee Farah alikuja, nikampa bahasha iliyofungwa vizuri. Ndani mna vipande vya makasha matatu na karatasi niliyomwandikia Idil: Alama ni zao, warudishie. Kadi ni zangu.

Atakasirika. Akasirike.

Kesho jioni nina mazoezi na wasichana wangu wa darasa la saba. Ile ya nne naenda nayo uwanjani. Waishike wote, na vidole vyao vya vumbi.